Wasomaji Wanauliza: Valvu Ipi Ichukue Nafasi ya Ipi

Barua za valvu, zile taa za kioo zinazokuza sauti ndani ya amplifaya, mwezi huu zimetoka upande mmoja wa nchi, Arusha na Moshi, na tumezifupisha kidogo. Kabla ya majibu, jambo moja linawahusu wote. Ndani ya amplifaya ya valvu kuna volti 300 hadi 500 za DC, na kapasita kubwa huendelea kuzishikilia hata plagi ikiwa imechomolewa. Chomoa, subiri dakika tano, unganisha ncha mbili za kila kapasita kubwa kwa rizista ya kiloomu 10, wati 10, kwa sekunde kumi hivi, kisha pima. Mita ikisoma chini ya volti 20 ndipo uingize vidole. Bisibisi si rizista. Cheche yake inaharibu kapasita, na siku mbaya inaharibu jicho.

Ndugu mafundi, salaam. Nina amplifaya ya stereo yenye valvu nne za nguvu aina ya EL34. Moja ya upande wa kulia inaiva nyekundu, na sisemi zile nyuzi za katikati, nasema bati lake la kijivu la nje. Fundi wa mtaani kasema ninunue hiyo moja tu. Rafiki anasema nizitoe zote nne niweke za JJ, mwingine anasifia Psvane, na mwingine kaniambia bila Mullard za zamani sijasikia muziki bado. Nimsikilize nani? — Msomaji, Sakina, Arusha

Wote wasubiri. Bati hilo la nje ni anodi, na anodi kuiva maana yake valvu inapitisha umeme mwingi kuliko joto inaloweza kulitoa. Chanzo kinaweza kuwa valvu yenyewe, kinaweza kuwa saketi inayoilisha. Usipojua ni kipi, utaweka valvu mpya mahali palipoua ile ya kwanza.

Jaribio la kwanza halina gharama. Zima, acha ipoe, kisha badilishana nafasi kati ya ile inayoiva na mwenzake wa chaneli ileile. Spika ziwe zimeunganishwa. Washa huku umeitumbulia macho na kidole kikiwa juu ya swichi, kwa sababu dakika moja ya wekundu inatosha kuifupishia valvu maisha. Wekundu ukihama pamoja na valvu, ubovu ni wa valvu. Wekundu ukibaki kwenye soketi ileile, saketi ndiyo mgonjwa.

Ikiwa ni saketi, toa EL34 mbili za chaneli mbovu tu. Zile mbili za upande mzima ziache mahali pake zivute mzigo. Ukizitoa zote nne, volti ya juu hupanda na inaweza kupita uwezo wa kapasita za 450. Geuza amplifaya, waya mweusi wa mita ubane kwenye chasisi kwa klipu, mwekundu uguse pini 5 (gridi, inayodhibiti mkondo wa valvu) ya kila soketi iliyo wazi. Pini unazihesabu kuanzia kwenye ufunguo wa katikati, kwa mwelekeo wa saa, ukitazama soketi kwa chini. Hapo unategemea volti hasi, mara nyingi kati ya 30 na 45, na soketi mbili zikaribiane, isipokuwa kama kila valvu ina kirekebishi chake cha volti hiyo. Moja ikisoma hasi 38 na nyingine hasi 20, mtuhumiwa wa kwanza ni kapasita ndogo ya kuunganisha inayotoka kwenye valvu ya nyuma yake, ya mikrofaradi 0.1 au 0.22. Imeanza kuvujisha volti chanya na kuifuta ile hasi. Badilisha za chaneli zote mbili, aina ya polipropilini ya volti 630. Gharama yake hailingani hata na EL34 moja. Pini 5 isiposoma kitu kabisa, tafuta rizista ya gridi iliyokatika au mguso wa soketi uliolegea.

Sasa ushauri wa kununua moja. EL34 zako hufanya kazi wawili wawili, moja ikisukuma nyingine ikivuta, na transfoma ya kutolea sauti inategemea mikondo yao ilingane. Isipolingana, chuma cha transfoma kinashiba upande mmoja, besi inapungua na mvumo unapanda. Kwa hiyo nunua angalau jozi iliyolinganishwa, na kama bayasi (ile volti hasi ya pini 5) ya chaneli zote inarekebishwa kwa kitufe kimoja, nunua nne zilizolinganishwa. Tofauti ya miliampea 5 ndani ya jozi bado tunaivumilia. Amplifaya yenye kirekebishi kwa kila valvu haidai ulinganifu huo, na hapo tu ndipo fundi wako angekuwa na hoja.

Tuje kwenye majina. JJ hutengenezwa Čadca, Slovakia. Electro-Harmonix, Sovtek, Tung-Sol, Genalex Gold Lion na Mullard zinazouzwa mpya leo ni majina ya kampuni moja ya Marekani, New Sensor, na zimekuwa zikitengenezwa Saratov, Urusi. Mullard hiyo mpya haina undugu na kiwanda cha zamani cha Blackburn, Uingereza, zaidi ya jina kwenye boksi. Psvane ni za China.

Kwa maoni yetu, ndani ya amplifaya yenye mrejesho hasi (sehemu ya sauti inayotoka hurudishwa nyuma kusahihisha makosa), tofauti ya sauti kati ya EL34 mbili nzima za viwanda tofauti ni ndogo kuliko tofauti ya kusogeza spika nusu mita kutoka ukutani. Kinachotofautisha ni uvumilivu. EL34 ya JJ na EL34EH ya Electro-Harmonix zimejengwa kwa nguvu na zinavumilia volti ya juu inayoyumba, ndiyo maana kwa nyumba ya Sakina tungeanzia hapo. Ukiagiza JJ, soma herufi vizuri: E34L si EL34. Inaingia soketi ileile, lakini inahitaji volti hasi nyingi zaidi, na kirekebishi cha amplifaya nyingine hakifiki huko. Psvane ni nzuri, ila sehemu ya bei yake ni ya mwonekano. Mullard za zamani hutaziweka kwenye amplifaya ambayo juzi ilikuwa inaivisha anodi. Huko ni kumkabidhi mwanafunzi wa udereva gari la harusi.

Ukishazipata, usiziache kwenye bayasi ya zile za zamani. Hesabu ni hii. EL34 inaruhusiwa wati 25 kwenye anodi. Wakati hakuna muziki tunaipa asilimia 70, yaani wati 17.5. Pima volti kati ya pini 3 (anodi) na pini 8 (kathodi, inayotoa elektroni). Ukipata 430, gawanya: 17.5 kwa 430 ni miliampea 40 na kidogo. Kama kuna rizista ya omu 10 kati ya kathodi na chasisi, unasoma juu yake volti 0.40; kama ni ya omu 1, unasoma milivolti 40. Sehemu ya mkondo huo, karibu miliampea 4 au 5, inapita gridi ya skrini na sio anodi, kwa hiyo bado una akiba.

Kabla ya kuwasha na valvu mpya, zungusha kirekebishi mpaka pini 5 ziwe na volti hasi nyingi kuliko zote kinazoweza kutoa. Washa, panda polepole hadi miliampea 30, subiri nusu saa, fika 35, subiri tena, malizia 40. Rudia kipimo baada ya wiki moja ya kusikiliza, kwani valvu mpya huhamahama mwanzoni. Wakati wa kupima, mkono mmoja uwe mfukoni.

Umegusia pia, mwishoni mwa barua, kuweka KT88, valvu nyingine ya nguvu. Hita ya KT88, yaani waya wa ndani unaoipasha, inakula ampea 1.6 dhidi ya 1.5 za EL34, na hilo linabebeka, lakini bayasi inatakiwa iwe hasi zaidi na transfoma ya sauti haikupigiwa hesabu yake. Hatari zaidi ni kinyume: kuchomeka EL34 kwenye amplifaya iliyopangiwa valvu za nguvu za 6L6GC kwa sababu tu zinaingia. Hita ya 6L6GC ni ampea 0.9. Nne zinakula 3.6, EL34 nne zinakula 6, na transfoma ya umeme inaanza kunuka. Tena pini 1 ya EL34 ni gridi ya tatu, lazima iungwe na pini 8, na kwenye soketi nyingi za 6L6 pini hiyo haina kitu, au imetumiwa kama kituo cha kufungia waya wa mambo mengine kabisa.

Mafundi hamjambo. Nasikiliza santuri. Sehemu ya kukuza sauti ya sindano ina valvu ndogo mbili za ECC83. Nikigonga meza, spika zinalia "ting", na sauti imezidi hata kitufe kikiwa robo. Duka moja limeniambia ECC82 inaingia palepale na itapunguza yote mawili. Ni kweli? — Mama msomaji, Shanty Town, Moshi

Hatujambo, mama. Kwamba inaingia ni kweli. Mpangilio wa pini ni uleule na hita ni ileile ya volti 12.6 au 6.3. Kwenye sehemu ya santuri, usiiweke.

ECC83 ina kipimo cha kukuza cha 100. ECC81 ni 60. ECC82 ni 17 hadi 20. Sehemu ya santuri haikuzi tu, inarudisha pia besi iliyopunguzwa na kushusha sauti nyembamba iliyopandishwa wakati santuri ilipokatwa. Marekebisho hayo yamepigiwa hesabu ya ukuzaji wa ECC83 na ukinzani wake wa ndani. Weka ECC82, na mizani ya besi na sauti nyembamba inapotea. Utadhani sindano imechakaa. Zaidi ya hapo, ECC82 inapenda mkondo mara kadhaa ya ule ambao rizista za ECC83 zimepangiwa, kwa hiyo inafanya kazi ikiwa imebanwa kwenye kona yake mbaya.

Shida zako ni mbili, na kila moja ina dawa yake. "Ting" ni valvu inayogeuka kipaza sauti: gridi yake inatikisika. Washa, kitufe cha sauti kikiwa chini kiasi, na gonga kila valvu taratibu kwa upande wa kifutio wa penseli. Zote hulia kidogo. Ile inayolia kwa mwangwi unaochelewa kufa ndiyo ya kutoa. Kama ziko sehemu nyingine za amplifaya zenye ECC83, ihamishie huko mbele, karibu na valvu za nguvu. Huko sauti imeshakuzwa tayari na mtikisiko hausikiki. Ile tulivu kuliko zote iwe ya kwanza kabisa kutoka kwenye sindano. Mara nyingi kupanga upya hivi kunamaliza kazi bila kununua chochote.

Ukilazimika kununua, angalia bati la ndani. Mabati mafupi hutikisika kidogo kuliko marefu. ECC83S ya JJ ina mabati mafupi na inafaa hapo. 12AX7LPS ya Sovtek ina mabati marefu, sauti yake tunaipenda, lakini tusingeiweka kwenye meza inayogongwa. 12AX7 na ECC83 ni kitu kimoja kwa majina ya Marekani na Ulaya, muuzaji asikutoze mara mbili kwa hilo.

Kuhusu sauti kuzidi, iko valvu ya 5751. Pini zilezile, kipimo cha kukuza 70, inashusha sauti kwa desibeli 3 tu hivi. Weka kwenye hatua ya kawaida ya amplifaya, nje ya sehemu ya santuri. Hita yake inakula kidogo zaidi, miliampea 350 badala ya 300 kwenye volti 6.3, na transfoma nzima haitaliona hilo. Kama robo ya kitufe bado ni kelele, rizista mbili kwenye mlango wa kuingilia zitafanya kazi nzuri kuliko valvu yoyote.

Onyo moja kwa wanaobadilisha ECC83 kwenye hatua ambayo kathodi ndiyo inayotoa sauti, maana pale kathodi inakaa kwenye volti nyingi wakati hita iko karibu na sifuri. Kikomo kati ya hita na kathodi ya ECC83 ni volti 180. Pima pini 3 na pini 8 kabla ya kuchagua. Ukiona 170 na zaidi, valvu dhaifu itaanza kupasukapasuka sauti ndani ya miezi michache na watu watalaumu kiwanda.

Shikamooni wakubwa. Hapa Kijenge umeme mchana ni volti 225, usiku wa manane mita inafika 247. Amplifaya imeandikwa 220. Valvu zangu hazidumu. Kilinda friji kitasaidia? — Msomaji, Kijenge, Arusha

Marahaba. Mita umekwisha kuishika, kwa hiyo jibu limekaribia. Weka mita kwenye volti za AC, pima pini 2 na 7 za valvu ya nguvu usiku huo wa volti 247. Hesabu inasema utaona karibu 7.07. Hita ya 6.3 inavumilia asilimia kumi juu au chini, yaani 5.7 hadi 6.9. Umepita. Kathodi inayopashwa kupita kiasi inapoteza tabaka lake la kutoa elektroni, na volti ya juu nayo imepanda kwa kiwango kilekile.

Kwanza fungua kifuniko cha chini usome transfoma. Amplifaya nyingi za Ulaya zina waya za 220, 230 na 240, na aliyeifunga mwanzo alichagua moja tu. Kuhamia 240 ni kazi ya risasi ya dakika kumi.

Kama haina, dawa yetu ni transfoma ndogo ya 230 kwa 12, ampea 3, iliyofungwa kinyume. Upande wa 230 unaunganishwa na umeme wa ukutani. Upande wa 12 unapitishwa mfululizo kwenye waya wa moto unaoenda kwenye amplifaya. Ikiwa imeelekea sawa, inatoa karibu volti 13 kutoka kwenye 247 na kubaki 234, na hita zinarudi 6.7. Mchana wa 225 utapata 213, hita 6.1, bado uko ndani. Pima kabla ya kuunganisha amplifaya: ukiona 260, geuza waya mbili za upande wa 12. Fyuzi iwepo mbele, boksi lifungwe, na waya wa ethi upite moja kwa moja bila kukatwa. Ampea 3 zinatosha kwa amplifaya inayokula wati 250, maana hiyo inavuta kama ampea 1.1.

Kilinda friji hakipunguzi volti. Kinakata zikizidi na kinachelewesha umeme unaporudi. Kucheleweshwa huko kunakufaa sana, kwa sababu umeme unaokatika na kurudi ndani ya sekunde unazikuta valvu zikiwa za moto na kapasita zikiwa tupu. Kifunge pamoja na transfoma hiyo, kisichukue nafasi yake. Stabilaiza za rilei zinazolia "ta" kila saa hatuzipendi kwa amplifaya, zinaruka kwa hatua kubwa.

Msomaji mwingine wa Ngaramtoni ana amplifaya ya Japani anayoilisha kwa transfoma ya 230 kwa 120. Ndugu, Japani ni volti 100. Umeizidishia asilimia 20. Zima leo.

Valvu yangu ya kugeuza umeme ni GZ34, imeanza kurusha cheche ndani. Nina 5U4G mpya kwenye kabati. Au niweke dayodi tu? — Msomaji, Majengo, Moshi

5U4G hapana. Hita zote ni za volti 5, lakini GZ34 inakula ampea 1.9 na 5U4G inakula 3. Transfoma iliyopangiwa 1.9 itachemka. Volti ya juu pia itashuka: GZ34 inapoteza volti 17 hivi kwenye miliampea 225, 5U4G inapoteza zaidi ya 40. Dayodi nazo hufanya kinyume, hazipotezi kitu na hazisubiri. Volti yote inafika kwenye kapasita sekunde ileile unayowasha, kabla valvu nyingine hazijaanza kuvuta. Kapasita za zamani za 450 hulipuka namna hiyo.

Nunua GZ34, kisha tafuta kwa nini ya kwanza ilirusha cheche. Angalia kapasita ya kwanza baada yake. Kikomo ni mikrofaradi 60. Tunakuta amplifaya zilizowekwa 220 na mtu aliyedhani ukubwa ni ubora, na kila zinapowashwa, kapasita hiyo inafyonza mkondo ambao kathodi ya GZ34 haiwezi kuutoa salama.

Ukiwa umeshafungua, ongeza dayodi za 1N4007 mfululizo kwenye kila anodi, pini 4 na pini 6. Ziwe mbili kwa kila upande. Transfoma ya 400 kwa pande zote mbili inaleta volti 1,131 za kurudi nyuma, na 1N4007 moja inabeba 1,000. Valvu inabaki kuamua mwendo wa kupanda kwa volti, na siku itakapokufa dayodi zinailinda transfoma, ambayo ndiyo kipuri cha ghali kuliko vyote humo ndani.

Nimeuziwa valvu za Kirusi 6N2P "sawa na ECC83". Nimechomeka, haziwaki kabisa. Ni mbovu? — Msomaji, Njiro, Arusha

Huenda ni nzima. Ukuzaji wake unakaribiana na ECC83, pini za hita ndizo tofauti. ECC83 kwenye volti 6.3 inaungwa pini 4 na 5 pamoja, na pini 9 upande wa pili. 6N2P hita yake iko kati ya 4 na 5, na 9 ni kinga ya ndani. Kwenye soketi yako ncha zote mbili za hita zinapata volti ileile, kwa hiyo hakuna kinachopita. Umebahatika. Kwenye soketi iliyofungwa kwa 12.6, ingepewa mara mbili ya haki yake na kuungua. Zirudishe, au fundi abadilishe waya za soketi na kuandika juu yake kwa kalamu isiyofutika.

Kwa orodha ya Kirusi, 6P14P inakaa vizuri mahali pa EL84 (valvu ndogo ya nguvu ya pini tisa), na 6P14P-EV ni ngumu zaidi. 6N23P inafuata ECC88, valvu nyingine ndogo. 6N1P inaingia mahali pa ECC88 lakini hita yake ni miliampea 600 dhidi ya 365, pima transfoma kwanza.

Umeuliza pia utajuaje Telefunken ya kweli. Zile za pini tisa zina alama ya almasi iliyofinyangwa kwenye kioo chenyewe, chini, katikati ya pini. Unaisikia kwa ukucha. Maandishi meupe ya ubavuni hayathibitishi kitu, mtu yeyote huchapa. Mullard za Blackburn zina herufi na namba hafifu zilizochongwa kwenye kioo karibu na pini, na mstari wa kiwanda huanza na B. Chukua tochi, iinamishe pembeni, zitajitokeza.

Mwanga wa bluu ndani ya EL84 ni hatari? — Msomaji, Pasua, Moshi

Bluu iliyotanda kwenye ukuta wa kioo na kucheza na muziki haina neno. Ni elektroni zilizopotea njia zikigonga kioo. Zambarau au waridi katikati, kati ya mabati, ni gesi. Hiyo toa.

Nimeagiza valvu kutoka nje, zinafika wiki ijayo. Nizikague vipi kabla ya kuzichomeka, maana amplifaya ni ya mzee wangu na sitaki kuiunguza? — Msomaji, Rau, Moshi

Fungua boksi mezani, penye mwanga. Juu ya kioo kwa ndani, au ubavuni kwa aina nyingine, kuna doa la fedha linalong'aa. Ni bariamu, kazi yake ni kumeza hewa iliyobaki. Likiwa la fedha au la kahawia kingoni, endelea. Likiwa jeupe kama maziwa, hewa imeingia, kioo kina ufa, na valvu hiyo usiichomeke hata kwa kujaribu.

Tikisa karibu na sikio. Chembe moja inayochezacheza si lazima iwe mwisho wake, kipande cha bati kinachogonga ni mwisho. Kisha mita kwenye omu. EL34: pini 2 na 7 zisome chini ya omu moja au karibu yake, kwa kuwa hita ikiwa baridi ukinzani wake ni mdogo sana. ECC83: 4 na 9, kisha 5 na 9, vipimo viwili vilingane. Pini 8 na 2 za EL34 zisiwe na mawasiliano yoyote.

Pini zilizopinda zinyooshe kwa plaizi nyembamba moja moja kabla hujaziingiza, usitegemee soketi izinyooshe. Kuchomeka valvu ya pini tisa ni kushuka wima. Ukiitikisa huku na huku ufa unaanzia kwenye shina la pini na hutauona mpaka doa liwe jeupe. Soketi zenyewe, kwa vumbi la kiangazi, zisafishe kwa spirti ya isopropili na brashi ndogo, na migusano iliyolegea uibane kwa ncha ya sindano ya kushonea, plagi ikiwa nje na kapasita zikiwa tupu.

Spika ziunganishwe kabla ya swichi. Amplifaya ya valvu ikipigwa muziki bila spika, volti inajirudia ndani ya transfoma ya sauti na kutoboa kihami chake. Kama spika hazipo karibu, tumia rizista ya omu 8, wati 50. Mwambie mzee asizitupe valvu zilizotoka. Zifunge kwenye boksi hilohilo jipya, uandike zilitoka soketi gani na zilisoma miliampea ngapi.